Hondohondo wa Ukuta wa Mashariki

Wifi yangu tulimwita Kioo, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na mafundi wanaume waliokuwa wakimcheka, kisha wakaacha kumcheka. Ukuta akishaupiga lipu yeye, ulikuwa unateleza hata kwa macho. Ukipitisha kiganja hukuti kokoto, hukuti mkwaruzo, hukuti kibonde. Fundi mmoja akasema siku moja, "Huyu mama akimaliza ukuta unaweza kunyoa ndevu ukijitazama humo," na tangu hapo akawa Kioo. Hata kaka yake, yaani mume wangu, alimwita hivyo. Mama yao alilalamika mpaka akachoka, mwisho naye akawa anaita Kioo.

Kazi yake naijua kuliko wengi, kwa sababu mchanga wa lipu yake niliuchekecha mimi. Miaka kumi na tisa nilishika chekeche. Watu wakiona ukuta laini humsifu mwenye mwiko, hakuna anayeuliza mchanga ule ulipita mikononi mwa nani. Nasema tu ili ieleweke kuwa mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu.

Alianza akiwa saidia fundi, kubeba maji na kupandisha ndoo za simenti kwenye jukwaa. Hakuna aliyemfundisha. Fundi wake alikuwa na tabia ya kulala chali baada ya chakula cha mchana, kofia usoni, na Kioo akauona usingizi ule kuwa ndiyo shule yake. Akachukua mwiko wa mwenye kulala, akapiga lipu nyuma ya mlango, mahali pasipoonekana. Siku ya tatu fundi akaufunga mlango ule, akatazama, akagusa. "Nani kapiga hapa?"

"Mimi."

"Nani kakuruhusu?"

"Ulikuwa umelala, sikutaka kukusumbua."

Yule bwana hakujua acheke au akasirike. Akampa ukuta wa choo aujaribie, na choo kile kikawa chumba kizuri kuliko vyote katika nyumba nzima.

Alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni matundu. Kioo hawezi kulipita tundu. Akija kwangu kunisalimia, kabla hajakaa ameshapapasa ukuta, na akiona ufa haongei nawe vizuri mpaka auzibe. Panya wa mtaa wetu nadhani walikuwa wanamlaani. Mume wangu alimwambia, "Kioo, wewe ukifa tutakuzika kwa timazi na pima maji, la sivyo utafufuka ukanyooshe kaburi."

"Na nitafufuka kweli," akajibu, "maana nawajua nyinyi, mtalichimba upogo."

Basi, miaka ishirini na miwili alipiga lipu chini ya wakuu wanaume, wengine amewafundisha mwenyewe namna ya kushika mwiko. Fundi mkuu ndiye anayepanga watu, ndiye anayeongea na mkaguzi, ndiye anayetia sahihi kwenye karatasi ya kukabidhi. Kioo aliutaka ukuu huo na hakuficha. "Nataka kabla magoti hayajaniacha," aliniambia, "nisimame chini nitazame wengine wakipanda."

Nafasi ikaja tulipopewa kulitengeneza ghala la zamani, jengo la mawe lenye kuta nene, liwe ofisi. Mkandarasi wetu, tuliyemwita Bosi kama mabosi wote wanavyoitwa, alikuwa ameshaahidiwa kazi nyingine baada ya ile: hospitali nzima, ghorofa tatu, miaka miwili ya lipu. Alihitaji mkuu. Akawapa watu wawili kuta mbili. Ukuta wa magharibi akampa fundi mmoja aliyeitwa Kasi, kijana wa miaka thelathini hivi, mcheshi, mikono yake inakwenda kama cherehani. Wa mashariki akampa Kioo.

"Mkaguzi ataamua," akasema Bosi. "Ukuta utakaopita bila doa, mwenye nao ndiye mkuu hospitalini. Sitaki maneno."

Uwanjani kulikuwa na miti miwili mikubwa ya zamani. Wakaikata ili magari yapate pa kugeuzia. Wa kwanza ulipoanguka, ubavuni mwake kulikuwa na pango linaloingia kichwa cha mtoto, ndani mna maganda ya mbegu na manyoya meusi na meupe. Nilijua ni nyumba ya nani. Baba yangu alikuwa mpasua mbao, nimekulia porini nikimpelekea maji. Kuna ndege anaitwa hondohondo, mwenye mdomo mkubwa uliopinda kama mundu. Jike akitaka kutaga huingia ndani ya pango la mti, akaziba mlango kwa tope na kinyesi chake mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Anakaa humo kifungoni kwa hiari yake, manyoya ya mabawa yanampukutika, na dume ndiye anayemlisha kupitia ule ufa kutwa nzima. Baba akikuta mti wenye ufa wa namna hiyo alikuwa anauruka, anapasua mwingine, anarudi msimu ukipita.

Niliwaona wawili wakizunguka juu ya uwanja siku kadhaa baada ya miti kuanguka, wanatua kwenye paa, wanatazama chini kama watu waliorudi safari wakakuta nyumba haipo. Kisha sikuwaona tena pamoja. Nikadhani wamehama. Nilinyamaza, kwa sababu nani atamsikiliza mwenye chekeche akisema habari za ndege?

Hawakuwa wamehama. Upande wa mashariki, juu kabisa pale ukuta unapochongoka kwenda kwenye paa, kulikuwa na tundu la boriti ya zamani. Boriti ilitolewa paa lilipobadilishwa, likabaki shimo lenye kina cha mkono mzima.

Kioo alianzia chini, akawa anapanda na lipu yake kwenda juu. Siku tatu za kwanza nilikuwa nyuma ya jengo na mchanga wangu, sikuona kitu. Jumanne alasiri, akiwa amebakiza kipande cha mwisho, akafika kwenye tundu lile akalikuta limezibwa kwa tope, tena limezibwa vibaya: mabonge mabonge, na katikati umeachwa ufa wa kupitisha vidole viwili. Kioo akamwonea aibu aliyeifanya kazi ile. Akadhani ni fundi wa zamani, mvivu, aliyeona huko juu hakuna atakayepanda kutazama. Mashine ya kuchanganya zege ilikuwa inanguruma chini yake, hata radi asingeisikia. Akachota simenti, akairusha kwa ule mkunjo wake wa kiganja, akaijaza, akapitisha rula, akasugua. Likawa kama halikuwahi kuwapo.

Akashuka anaimba. Alhamisi asubuhi ndiyo mkaguzi anakuja.

Jumatano nilihamishiwa mbele, kusafisha uwanja. Watu walikuwa wamekusanyika chini ya ukuta wa mashariki wanacheka. Hondohondo dume alikuwa amening'inia juu kabisa, kucha zinateleza kwenye lipu, mdomoni ana tunda jekundu. Anagonga. Anateleza, anaanguka, anapiga mabawa, anarudi palepale. Anagonga tena.

"Mkaguzi kafika kabla ya siku!" Kasi akapaza sauti. "Kioo, njoo umpokee mgeni wako, anaikagua lipu!"

Watu wakavunjika mbavu. Na kweli, wakaguzi hugonga hivyo hivyo, kwa ufunguo au kijiwe, wanasikiliza. Lipu iliyoshika ukuta hulia sauti nzito iliyokufa. Iliyoachia hulia kama debe tupu.

Kioo hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, na uso wake ukabadilika.

"Wifi," akaniambia polepole, "pale panalia tupu."

"Wewe mtazame huyo ndege..."

"Achana na ndege! Lipu yangu inalia tupu, na mkaguzi yuko kesho."

Akapanda ngazi kabla sijamaliza kusema. Dume akaruka, akatua kwenye ukingo wa paa. Kioo akageuza mwiko wake, akagonga kwa mpini. Ko, ko, ko. Akaweka sikio.

Nilimwona akijivuta nyuma ghafla hata nikadhani ataanguka. Akagonga tena, mara mbili tu. Akasikiliza. Akashuka, vipande vya ngazi vinalia chini ya miguu yake, akanishika mkono kwa vidole vilivyojaa simenti.

"Nimegonga," akasema, "kikajibu."

"Nini kimejibu?"

"Sijui. Nikigonga mara mbili, kinagonga mara mbili. Wifi, ndani ya ukuta wangu kuna kitu."

Hapo nikajua yote, nikajisikia vibaya kwa ule ukimya wangu. Nikamuuliza kama alikuta tope pale juu, na ufa katikati. Akasema ndiyo, kazi ya ovyo ya fundi mmoja mvivu.

"Haikuwa ya fundi, wifi yangu. Ule ulikuwa mlango wake." Nikamweleza habari za baba, na pango la mti, na jike anayejifungia. "Tulimkatia mti, akahamia kwenye tundu letu. Na huyu anayegonga nje ni mumewe, kaleta chakula hajui apitishie wapi."

Kioo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Juu kule dume akarudi na tunda lake, akaanza upya.

Bosi alikuwepo, anahesabu mifuko ya simenti iliyobaki. Kioo akamwendea, nami nikafuata, chekeche mkononi kama ngao.

"Bosi, nataka kufungua pale juu."

"Wapi?"

Akamwonyesha. Akamwambia kilichomo. Bosi akatazama juu, akatazama saa yake, akacheka kicheko kifupi.

"Ndege?"

"Ndege. Nimemfungia mimi."

"Kioo, lipu mbichi ukiibomoa leo, kiraka kitaonekana kesho hata kwa kipofu. Unajua."

"Najua."

"Na kiraka ukikiweka utamziba tena. Kwa hiyo litabaki tundu. Tundu, mbele ya mkaguzi!" Akashusha sauti, na nitamtendea haki, alisema kwa upole. "Sikiliza mama. Kesho saa nne mkaguzi atakuwa ameshaondoka. Saa nne na dakika moja panda, bomoa, mtoe ndege wako, nitakushikia ngazi mimi mwenyewe. Ni siku moja tu. Lakini ukiugusa ukuta ule leo, usije ukaniuliza habari za ukuu."

Lilikuwa shauri la mtu mwenye akili, sikatai. Kioo akanigeukia. "Anaweza kufika kesho?"

Nilitamani niseme ndiyo. Miaka ishirini na miwili, jamani. "Baba alisema wanalishwa tangu alfajiri mpaka jua kuzama," nikamwambia. "Huyu tangu jana alasiri hajala. Na hewa, sijui anaipata wapi."

Akapanda tena. Akagonga mara mbili, akaweka sikio. Safari hii alikaa muda mrefu. Aliposhuka hakumtazama Bosi wala mimi. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la vifaa, akatoa nyundo na tindo.

"Kioo!" Bosi akaita.

"Nimekusikia, Bosi."

"Unajua unachokitupa?"

"Nakijua kuliko wewe." Na machozi yalikuwa yanamtoka, asiwadanganye mtu kwamba alipanda akiwa shujaa. Alipanda akilia na akitukana, anamtukana ndege, anaitukana boriti, ananitukana mimi na baba yangu.

Simenti ya siku moja haijawa ngumu sana. Aligonga pembeni polepole, kama mtu anayemenya yai, na kipande kikaachia. Lakini tope la ndege liling'oka pamoja nacho, tundu likabaki wazi kabisa. Kioo akaingiza jicho. Akatoa yowe. Ule mdomo mkubwa ulikuwa umetoka gizani ukambana kidole gumba.

"Mzima!" akapiga kelele. "Mzima huyu, tena mshenzi!"

Tukacheka sote, hata Bosi, ingawa yeye aliacha upesi akaondoka.

Sasa kazi ikawa kumrudishia mlango. Nikamkandia udongo wa uwanjani, nikaupandisha kwa ndoo. Kioo akaziba akaacha ufa mwembamba katikati, kama alivyoukuta. Lakini mkono wa Kioo ni mkono wa Kioo. Nikamwona anatoa mwiko, anasugua, analainisha, ananyoosha kingo za ule ufa. Hakumaliza hata kuteremka vipande vitatu vya ngazi, lipu yake ya udongo ikasukumwa kutoka ndani, ikaanguka yote, kipande kikatua kwenye bega la Kasi.

"Leo umempata anayekuzidi ufundi!" Kasi akasema, anajipangusa. "Kaikataa kazi yako, anataka fundi mwingine!"

"Basi panda wewe," Kioo akajibu, "maana kazi mbaya ndiyo fani yako."

Lakini alielewa. Akapanda akaweka mabonge ya udongo kwenye ukingo wa tundu, hakuyagusa tena, akashuka akakaa mbali. Jike akaanza kuyavuta moja moja, anayapachika kwa ubavu wa mdomo, tap tap tap, vibaya vibaya. Kioo alitazama kazi ile kwa mateso makubwa. "Hana rula hana kamba," alikuwa ananong'ona. "Mungu wangu, angalia hilo bonge." Mchana haujageuka, ufa ulikuwa umerudi, na dume akaja na panzi. Akampitisha. Panzi akapokewa.

Alhamisi mkaguzi akafika, bwana mrefu mwenye ufunguo wa kugongea. Ukuta wa magharibi ulikuwa na mawimbi mawili matatu, si mabaya, ukapita. Wa mashariki aliupitisha kiganja mara nne, kisha akamuuliza Bosi, "Nani huyu?" Bosi akamwonyesha Kioo. Mkaguzi akapanda ngazi, anagonga, anatikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka akafika juu.

"Na hili tundu?"

Bosi akafungua kinywa. Nadhani alitaka kutunga uongo fulani wa kumsaidia. Kioo akamwahi.

"Nimeliacha mimi. Kuna ndege amelalia mayai."

Mkaguzi akachungulia, kwa bahati kidole hakuingiza. Akashuka, akatoa karatasi. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na kisanduku cha kutia alama, na hakukuwa na kisanduku cha ndege. Akaandika: ukuta wa mashariki haujakamilika. Kasi akawa fundi mkuu.

Nyumbani Kioo hakula siku mbili. Kaka yake alitaka kwenda kuongea na Bosi, akamkataza. Jumatatu akavaa ovaroli yake akaenda hospitalini, akapanga foleni na wengine mbele ya Kasi apangiwe ukuta. Nilimuuliza kama anajuta. Alisema, "Ndiyo. Kila asubuhi, Kasi akianza kuita majina." Nikachekecha mchanga.

Lakini jioni, kabla ya kurudi nyumbani, tulikuwa tunapitia ghalani. Siku moja tukakuta mlango umevunjwa na jike amekaa kwenye paa, mkia umechakaa kama ufagio wa zamani, anajinyoosha. Ndani makinda walikuwa wameshajiziba tena wenyewe. Baada ya wiki kadhaa wakatoka nao, watatu, mmoja baada ya mwingine, wanashangaa ukubwa wa dunia.

Bosi akamwita Kioo. "Ndege wako wameondoka, kisingizio kimekwisha. Nenda kaumalize ukuta ule, mkaguzi anarudi Ijumaa."

Akaenda na ndoo ya simenti na mchanga wangu mwembamba kuliko wote, nimeuchekecha mara tatu. Alikaa juu siku nzima. Bosi alipokuja jioni akasimama mikono kiunoni. Tundu lilikuwapo bado. Kioo alikuwa amelizungushia ukingo wa lipu, mviringo, laini kama mdomo wa kikombe, umeinama kidogo kwa nje ili mvua isiingie.

"Nilikwambia uzibe."

"Uliniambia niumalize," Kioo akasema, anaosha mwiko. "Nimeumaliza."

Ijumaa mkaguzi akaja na Bosi, na Kasi naye akaletwa kwa sababu sasa ndiye mkuu wa lipu. Mkaguzi akapanda, akapitisha kidole kwenye ule mviringo kutoka mwanzo mpaka mwanzo. Akagonga pande zote. Sauti nzito, iliyokufa, hakuna debe tupu hata mahali pamoja.

"Hili halimo kwenye mchoro," akasema. "Mkuu wa lipu, unasemaje? Lizibwe?"

Macho yote yakamwendea Kasi. Angesema lizibwe, lingezibwa siku ileile, na aliyepewa mwiko wa kuliziba angekuwa Kioo. Kasi akapanda, akagonga mwenyewe, akakawia huko juu. Akashuka anajikuna shingo.

"Mimi siwezi kupiga ukingo kama ule," akasema. "Sioni kosa. Liandike."

Mkaguzi akaiweka karatasi juu ya goti lake. "Jina la fundi? Na cheo?"

"Fundi lipu," Kioo akasema.

Nilijisogeza makusudi nione, na kusoma najua. Iliandikwa: ukuta wa mashariki, pamoja na tundu moja, kazi imekamilika. Kisha jina la wifi yangu, lile la kuzaliwa, kamili, na chini yake Kasi akatia sahihi kama mkuu, herufi zimepanda na kushuka kama ukuta wake.